Maswali ya Wasomaji: Mizizi Inavyokunywa, Inavyopumua na Inavyokufa

Barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu huanza na jani: limegeuka manjano, limejikunja, limenyauka saa sita za mchana na jioni halikuinuka. Tukidodosa kidogo, habari inateremka chini ya ardhi. Kwa hivyo safari hii tumeyakusanya maswali ya mizizi peke yake, ya Unguja na ya Pemba. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu majibu mengine yanaliegemea.

Assalaam alaykum. Masika iliyopita nilipanda miche ya mikarafuu niliyoing'oa kitaluni kwa jirani. Mvua ilikuwa nzuri, ardhi yetu ni kinongo chekundu, na mchwa sikuwaona. Ilipofika kipupwe zaidi ya nusu ilikuwa imekauka. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Konde, Pemba*

Waalaykum salaam. Maji yalikuwepo, lakini mche haukuwa na cha kunywea.

Mzizi haunywi kwa mwili wake wote. Ile sehemu nene ya kahawia kazi yake ni kuushika mti na kupitisha maji yaliyokwisha kuingia. Kunywa kwenyewe hufanyika karibu na ncha. Kwenye ncha kabisa pana kofia inayotoa ute na kuikinga ncha inapojipenyeza baina ya chembe za mchanga. Nyuma ya kofia pana seli zinazogawanyika, zikifuatiwa na zile zinazorefuka, ambazo ndizo zinazoisukuma ncha mbele. Baada ya hapo kuna kipande kifupi, pengine cha milimita chache tu, kilichojaa vinyweleo. Kila kinyweleo ni seli moja iliyochomoza kwenda nje kati ya chembe za udongo. Huishi siku chache au wiki chache, kisha hufa, na vipya huota mbele yake kadiri mzizi unavyorefuka.

Ukitaka kuviona kwa macho yako, chukua choroko chache, zilaze juu ya kitambaa kilicholowa ndani ya bakuli, funika, ngoja siku 2 au 3. Nyuma kidogo ya ncha ya kila kimzizi utaona weupe mwembamba umekizunguka. Watu wengi hudhani mbegu imeingia ukungu wakaitupa. Gusa weupe ule kwa kidole kikavu: unalala na haunyanyuki tena. Sasa fikiria mche unaong'olewa kwa mkono, udongo ukakung'utwa, ukafungwa kwenye kanga na kupelekwa shamba juani. Vinyweleo vyote vimekwisha, na vimizizi vyembamba vilivyovibeba vimebaki kitaluni kwa jirani. Majani yaliyobaki juu yanaendelea kutoa maji hewani, na chini hakuna kinachoingia. Mche hujikongoja kwa wiki kadhaa kwa akiba yake, halafu unakauka hata kama mvua inanyesha.

Mkarafuu huumia zaidi kuliko miti mingi kwa jambo hili. Mche wake una mzizi mkuu mmoja unaoshuka na vimizizi haba vya pembeni, na ukiukata mzizi ule mapema haurudishi upesi. Juu ya hayo, mkarafuu husaidiwa na kuvu wema wanaoishi ndani ya mizizi, ambao nyuzi zao huenda mbali kutafuta fosforasi. Kung'oa na kukung'uta huzikata nyuzi hizo pia.

Kabla hujapanda upya, fukua mche mmoja uliokufa kwa koleo, uutoe na udongo wake, uuoshe taratibu kwenye ndoo. Ukikuta mzizi mkuu umekatika na hakuna mizizi myeupe mipya, sababu ni ile tuliyoieleza. Ukikuta mzizi umepinda na ncha yake inaelekea juu, ulipandwa kwenye tundu fupi ukalazimishwa kukaa. Ukikuta mizizi myeusi, laini, ganda lake linachomoka ukilivuta na linanuka, maji yalituama na mizizi ikakosa hewa. Watu wa Pemba hulisahau hili la tatu kwa sababu nchi yao ni ya vilima, lakini mkarafuu haustahamili kabisa kukaa majini, na chini ya kilima, panapokuwa na kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, maji hujificha bila ya kuonekana juu.

Sasa njia ya kupanda. Otesha miche yako ndani ya viriba virefu, na mbegu zipandwe mapema baada ya kuondolewa ganda la tunda, kwani mbegu ya mkarafuu haiwekeki, ikikauka imekufa. Miche ikae chini ya kivuli cha makuti, na wiki chache kabla ya kuipeleka shamba ondoa makuti kidogo kidogo izoee jua. Chimba shimo la futi 2 kwa futi 2 na kina cha futi 2, udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza mpaka haina harufu wala joto. Samadi mbichi inaunguza: inapooza hupata moto, na chumvi zake huyavuta maji kutoka ndani ya mzizi badala ya kuyaingiza. Kama ni ardhi ya kinamo, kwaruza kuta za shimo kwa ncha ya panga, kwa sababu jembe huzilainisha na mizizi ikifika pale hugeuka ikazunguka humohumo.

Mwagilia viriba jioni ya siku iliyotangulia. Pasua kiriba kwa wembe ubavuni, usiuvute mche kwa shina. Mizizi iliyojizungusha chini ya kiriba ikate kwa mkato mmoja safi wa wembe, sentimita 1 au 2 tu. Ukiiacha itaendelea kuzunguka hata baada ya miaka, na mti utang'oka na upepo. Shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa uleule uliokuwa kitaluni. Shindilia kwa viganja, sio kwa miguu. Tandaza nyasi kavu kuzunguka, lakini ziache shubiri moja kutoka kwenye shina. Weka kivuli cha makuti upande wa magharibi, au panda migomba karibu miezi michache kabla. Kukiwa na kiangazi, ndoo moja ya lita 10 mara mbili kwa wiki ni bora kuliko kikombe kimoja kila siku, kwa sababu maji ya kikombe huishia juu na mizizi hubaki juu kuyafuata.

Na mikarafuu mikubwa uliyonayo: usilime kwa jembe chini yake. Mizizi yake mingi myembamba imetandaa tabaka la juu la ardhi. Fyeka majani kwa panga na uyaache yaozee hapo.

Mbolea ya mnazi niweke shinani au mbali? Na fundi ameniambia niukate mnazi ulio futi 6 kutoka ukuta wa nyumba kwa kuwa mizizi yake itabomoa msingi. Ni kweli? Tena nimeambiwa niutilie chumvi ya jikoni.
*Msomaji, Makunduchi*

Mnazi hauna mzizi mkuu. Mizizi yake yote huchipuka kutoka kitako cha shina, kwa maelfu kwenye mnazi uliokomaa, na kila mmoja una unene wa kama sentimita 1 tangu unapoanzia hadi unapokaribia kuishia. Tena haunenepi. Mnazi, kama mgomba, mpunga na mahindi, hauna lile tabaka linaloongeza unene mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana mzizi wa mnazi hauinui ukuta kama ufanyavyo mzizi wa mkungu, mwembe au mvinje, ambao ukiingia kwenye ufa ukiwa mwembamba hunenepa humo na kuupanua. Kwa upande wa msingi, mnazi wako hauna hatia. La kuhofia ni nazi na makuti kuanguka juu ya bati, na hilo mpime wenyewe. Mkungu ungekuwa hapo tungekwambia uukate leo.

Mbolea usiilundike shinani. Hapo pana mizizi mikongwe isiyonyonya. Safisha duara la mita 1.5 hadi 2 kulizunguka shina, acha nusu mita ya karibu na shina, tifua ile sehemu iliyobaki sentimita 10 hadi 15 tu, sambaza samadi na majivu, funika. Majivu yana potasiamu, na hiyo ndiyo mnazi unayoitumia kwa wingi. Makumbi nayo yanafaa yakipangwa ndani ya duara, mgongo juu, kwani huhifadhi unyevu. Ukichimba utakutana na vichomozo vidogo vyeupe kwenye mizizi: usidhani ni ugonjwa, ni sehemu za kupitishia hewa. Mzizi wa mnazi hauna vinyweleo. Hunyonya kwa ngozi changa ya karibu na ncha.

Kuhusu chumvi, ni kweli kwamba mnazi unahitaji klorini zaidi ya mimea mingi, na katika nchi nyingine minazi ya bara hutiliwa chumvi kwa sababu hiyo. Makunduchi upepo wa bahari unaileta bure. Usiongeze.

Ukija kupanda mpya, mche uweke chini ya usawa wa ardhi, ndani ya shimo la futi 2 au zaidi, na ujaze udongo kidogo kidogo kadiri unavyokua. Mnazi uliopandwa juujuu huota mizizi hewani pale kitakoni, ikakauka kabla haijafika chini, na mti ukabaki umeshikwa na mizizi ya chini peke yake.

Mwanangu wa darasa la sita amerudi na kusema muhogo ni mzizi lakini mbatata na tangawizi si mizizi. Mbona vyote vinachimbwa?
*Mama wa Mwanakwerekwe*

Mwalimu wake yuko sawa, Mama. Chukua tangawizi uitazame kwa karibu: ina pingili, kwenye kila pingili kuna mabaki ya jani dogo kavu, na hapo kuna jicho. Pingili na macho ni alama za shina. Mbatata ina macho, nayo ni shina lililonenepa. Majimbi na manjano vivyo hivyo. Muhogo hauna pingili wala jicho popote. Ni mzizi uliojaza wanga. Karoti na figili ni mizizi mikuu iliyonenepa. Kiazi kitamu pia ni mzizi, ingawa chenyewe kina uwezo wa kuchipua. Kitunguu ni vitako vya majani. Karanga ni tunda lililojizika.

Jambo hili lina faida shambani. Ukifukia kipande cha muhogo hakioti, kinaoza, kwa kuwa hakina jicho. Kinachopandwa ni kijiti cha shina cha sentimita 20 hadi 30 chenye vifundo 5 hadi 7, kutoka sehemu ya kati ya shina lililokomaa. Mizizi hutoka kwenye mkato na vifundoni, na ni michache tu kati yake inayonenepa. Kijiti kikikaushwa mno kabla ya kupandwa, au kikipandwa kichwa chini, ndiyo unapata shina refu na muhogo mmoja chini.

Nimeng'oa tungule zilizodumaa nikakuta mizizi imejaa vinundu. Nimesoma kwamba vinundu ni bakteria wanaoleta naitrojeni, kwa hiyo nimefurahi. Lakini tungule haziendelei.
*Msomaji, Bumbwini*

Ndugu yetu, hivyo si vinundu vya kufurahia. Vinundu vya naitrojeni huota kwenye jamii ya kunde: kunde zenyewe, choroko, mbaazi, karanga, njugu mawe. Mvinje nao unavyo, ingawa bakteria wake ni wa aina nyingine, na ndiyo sababu unastawi kwenye mchanga mtupu wa pwani. Tungule haina. Ulichokiona ni kazi ya minyoo fundo.

Namna ya kutofautisha ni hii. Fukua kwa koleo, usivute, uoshe mizizi, halafu sukuma kinundu kwa kucha. Cha kunde kimekaa ubavuni mwa mzizi na kinabanduka, mzizi ukabaki mzima. Cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukikibandua umeuvunja mzizi. Kisha pasua. Kinundu cha kunde kinachofanya kazi ndani ni chekundu au cha waridi. Kikiwa cheupe bado hakijaanza, na kikiwa cha kijani au kijivu kimemaliza kazi. (Ukiona kunde zako zina vinundu vichache sana, jiulize kama hukuzitia mbolea ya yurea: mmea unaopata naitrojeni bila ya kazi hauwalishi bakteria.)

Mnyoo fundo ni mdogo mno kuonekana bila ya darubini. Kinda huingia karibu na ncha ya mzizi, hujikita ndani, na seli zinazomzunguka huvimba kumlisha. Mrija wa maji unabanwa. Mmea unanyauka mchana penye maji tele, unageuka manjano, na mwenye shamba anaongeza mbolea ambayo haina pa kupita. Katika joto letu kizazi kimoja humaliza safari yake kwa wiki 3 hadi 4 tu, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Ndiyo sababu msimu wa kwanza huoni kitu na wa tatu huvuni.

Hakuna dawa ya kunyunyiza kwenye majani itakayowafikia. Fukua mizizi yote ya tungule baada ya mavuno, ianike kisha uichome. Usiitie kwenye lundo la mboji. Hapo usirudishe tungule, bilingani, bamia wala matango kwa misimu 2 angalau. Karanga na maua ya marigodi husaidia kupunguza aina za minyoo zilizo nyingi kwetu. Kiangazi cha Januari na Februari kina nguvu unayoweza kuitumia: lainisha kitalu, mwagilia mpaka kilowe sawasawa, kifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, fukia kingo zake zisiingize upepo, acha wiki 4 hadi 6. Joto la juu huwaua wengi katika tabaka la juu. Wa chini hubaki, kwa hiyo usilime kwa kina baadaye ukawaleta juu. Na la muhimu kuliko yote, usinunue miche kabla ya kuangalia mizizi yake. Muuzaji akikukatalia kuitazama, usinunue.

Pilipili manga iliyoushika mfenesi wangu inaunyonya?
*Msomaji, Kizimbani*

Hapana. Vimizizi vile vinavyotoka kwenye vifundo ni vya kushikia tu. Haviingii ndani ya gome. Pilipili manga na vanila hula kwa mizizi iliyoko ardhini, kwenye majani yaliyooza. Hofia zaidi maji kutuama hapo chini, kwani pilipili manga huoza shingo upesi sana.

Kikundi chetu kilipanda mikoko kwenye ufuo wa mchanga ulio wazi ili kuzuia bahari isile ardhi. Tulipanda mstari kwa mstari, na karibu yote imekufa. Vijana wamekata tamaa.
*Msomaji, Micheweni, Pemba*

Wasikate tamaa, mahali ndipo palipowaangusha, sio mikono yao.

Mzizi ni kiungo hai, unahitaji oksijeni. Kwenye udongo wa shamba hewa hukaa katika matundu kati ya chembe. Kwenye tope la mikokoni hewa haipo. Ukichimba kidogo tu tope ni jeusi na linanuka yai viza. Miti ya pwani imejitengenezea njia za kupumua juu ya tope, kila mmoja kwa namna yake. Mkoko wenyewe hushusha mizizi ya kuegemea kutoka shinani, imejipinda na kujikita pande zote. Mchu hutandaza mizizi chini kwa chini na kuchomoza vijiti vyembamba wima kwa mamia, vyenye urefu wa shubiri moja au zaidi. Vya mlilana ni vinene zaidi na vimechongoka. Msinzi hutoa mizizi iliyokunjwa magoti, na mkomafi mizizi bapa inayojinyonganyonga juu ya tope. Chunguza mmojawapo kwa karibu maji yakiwa yamekupwa: utaona vidoa vidogo vya rangi ya kutu. Ni matundu ya hewa. Maji yakipwa hewa inaingia na kushuka kupitia nyama ya mzizi iliyo nyepesi na yenye nafasi ndani yake. Maji yakijaa matundu hayapitishi maji.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mahali ambapo maji hayakupwi vya kutosha, mche mchanga unabaki umezama na hewa haiufikii. Mahali pa mchanga wazi mawimbi yanatikisa mche, na vimizizi vinakatika kila siku kabla havijashika. Mchanga unaosogea nao unaweza kuyafunika matundu ya hewa, na hata mti mkubwa ukafa. Hali ni hiyohiyo watu wanapomwaga kifusi mikokoni: mti huonekana mzima kwa miezi, kisha unapukutisha.

Chumvi ni habari nyingine. Ndani ya kila mzizi kuna duara la seli ambazo kuta zake zimezibwa kwa kitu cha nta, na maji hayawezi kupita pembeni yake, lazima yapite ndani ya seli, ambazo huchagua cha kupitisha. Mkoko una uchujaji mkali sana hapo, na chumvi nyingi hubaki nje. Mchu huchuja pia lakini kinachopenya hukitoa kwa majani. Siku ya kiangazi pitisha ulimi upande wa juu wa jani la mchu utaipata ladha yake.

Kabla ya kupanda tena, tafuteni palipowahi kuwa na mikoko au panapopakana nayo, penye tope na penye kinga dhidi ya mawimbi, kandokando ya mkono wa bahari. Tazameni bamvua na maji mafu kwa mwezi mzima mjue maji yanafika wapi na yanakaa muda gani. Mlilana huvumilia upande wa bahari, mkoko hupenda tope la kandokando ya vijito, msinzi na mkandaa hukaa nyuma yake, na mchu hustahamili hata sehemu za juu zenye chumvi kali. Mkipanda mkoko mahali pa mkandaa mmejitafutia hasara. Msipande juu ya majani ya bahari: hayo yana kazi yake, na samaki na chaza wake ni riziki ya mama zetu.

Vijiti vya mkoko vya kupandia viokotwe au vichumwe vikiwa vimekomaa. Alama yake ni ile pete ya njano inayojitokeza juu, chini ya tunda. Kijiti kilichokomaa hukwanyuka kwa urahisi. Viwekwe kivulini siku chache, visiwe vitamu sana kwa kaa. Chomeka upande uliochongoka chini, theluthi moja ya urefu tu, wima, umbali wa mita 1. Mkizamisha zaidi, mnazika sehemu inayotakiwa kupumua. Na kama mto wa maji ulizibwa kwa barabara au tuta, fungueni njia ya maji kwanza. Mara nyingi mbegu huja zenyewe na mkondo, zikaota pale panapozifaa kuliko tunavyoweza kuchagua sisi.

Maji ya bahari yaliingia bonde letu la mpunga wakati wa bamvua. Mpunga umesimama majini lakini unakauka ncha. Vipi ukauke ndani ya maji?
*Msomaji, Mkoani*

Maji huingia kwenye mzizi kwa sababu ndani ya seli zake mna chumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongo, kwa hivyo yanavutwa ndani. Maji ya nje yakiwa na chumvi kuliko ya ndani, mvuto unageuka. Mpunga umezungukwa na maji usiyoweza kuyanywa, na chumvi kidogo inayopenya hukusanyika kwenye ncha za majani, ndiyo maana zinaungua kwanza.

Kukosa hewa si tatizo lake. Mpunga una mifereji ya hewa kuanzia jani hadi mzizi, ndiyo maana unaishi mahali ambapo mahindi yangekufa kwa siku chache. Ng'oa mche mmoja, kata mzizi wake uangalie kwenye mwanga: baina ya ngozi na kiini mna matundu.

Cha kufanya, toa yale maji ya bahari haraka iwezekanavyo, usingoje yakauke, kwani yakikauka chumvi inabaki. Mvua ikinyesha, ziba matuta, acha maji matamu yakae siku 1 au 2 yayeyushe chumvi, kisha yaachie yote. Rudia mara 2 au 3. Usitie yurea wakati huo. Ni chumvi juu ya chumvi. Mpunga ukiwa mchanga au unapotoa maua huumia zaidi kuliko nyakati nyingine, kwa hiyo msimu ujao kitalu kiweke juu, mbali na mdomo wa bonde, na upandikize baada ya mvua kuosha ardhi.

Mshelisheli wetu hauna mbegu. Nataka wa pili. Nimejaribu kupanda matawi hayakuota.
*Msomaji, Fuoni*

Matawi ya mshelisheli ni magumu kuotesha bila ya vifaa. Tumia mizizi, maana mizizi yake ina uwezo wa kutoa machipukizi.

Njia nyepesi ni kufukua mzizi wa juujuu, mita 1 au 2 kutoka shinani, ukaukwaruza kwa kisu upande wa juu hadi kwenye mti wake, kisha ukauacha wazi na kuufunika kwa majani mepesi. Chipukizi likishafika futi 1, kata mzizi upande wa mti mkubwa, liache likae hapo wiki kadhaa litoe mizizi yake, ndipo ulihamishe na bonge la udongo.

Ukitaka miche mingi, chukua mizizi yenye unene wa sentimita 2 hadi 5, kwa msumeno mkali, mwanzoni mwa mvua. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, vioshe, vilaze ubavu kwenye kitalu cha mchanga uliochanganywa na mboji, funika kwa tabaka jembamba. Kivuli kizito, unyevu wa kila siku, lakini maji yasituame. Utomvu unaotoka kwenye mkato ni wa kawaida; uache ukauke kivulini kwanza. Vipande vinaanza kuchipua baada ya wiki kadhaa, na vingine vinachelewa zaidi, kwa hiyo usifukue kuangalia kila siku. Machipukizi hutangulia mizizi mipya, na hapo ndipo watu huharibu: wanaona majani wakahamisha, kumbe chini bado hakuna kitu. Subiri hadi mche una urefu wa sentimita 20 hadi 25, uinue mmoja kwa kijiti uhakikishe una mizizi myeupe, ndipo uitie kwenye viriba mingine yote.

Mizizi ya kukata ichukue upande mmoja tu wa mti, na mashimo uyafukie siku hiyohiyo. Mwaka unaofuata, kama unahitaji zaidi, nenda upande wa pili.